Yaya Riziki, Mlima Haukusema Kitu

Yaya wangu Riziki, dada yangu mkubwa,

Nimeanza barua hii mara tatu, na mara zote nimejikuta nakuuliza habari za afya, kama vile utanijibu kwamba uko mzima. Leo naacha salamu. Naingia moja kwa moja, kama ulivyokuwa ukiingia jikoni na matope ya ziwa miguuni, Mama akipiga kelele.

Naiandika wazi, anayetaka aisome, kwa sababu kuna jambo nililolinyamazia mbele ya shule nzima, na sioni haki kuja kulisema sasa kwa kunong'ona. Nitalifikia. Kwanza niache nikumbuke mazuri, maana ndiyo mengi.

Nakumbuka njia ya maji. Tulikaa Katindo, hapa Goma, nyuma ya kambi ya wanajeshi, katika ile nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya mlima wa moto. Kila siku baada ya shule tulishuka ziwani na bidoni, madumu yetu ya maji, tukapanda nazo, tukamimina katika pipa la Mama. Siku iliyofuata pipa lilikuwa kavu. Wasichana wote wa mtaa walifanya kazi hiyo na hakuna aliyeiona kuwa jambo la kusemwa. Wewe uliiona. Siku moja uliinama juu ya pipa, sauti yako ikarudi kutoka ndani:

"Furaha, hebu angalia. Jana tulijaza, leo iko tupu. Kesho tutajaza tena. Tutafanya hivi mpaka tuolewe, na kule tutakuta pipa ingine inatungojea."

Nilikuwa na miaka kumi na minne, wewe kumi na minane. Nilitaka kulia. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini, na kicheko kile kilinikasirisha kuliko pipa lenyewe.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipotuamuru kuacha majina ya ubatizo. Shuleni tuliitwa sitwayeni, yaani raia: sitwayeni Riziki na sitwayeni Furaha, na kila asubuhi, kabla ya masomo, tulisimama mbele ya bendera tukaimba na kucheza nyimbo za kusifu viongozi. Ulicheza vizuri kuliko wote, lazima niseme, kwa sababu ulipenda ngoma. Maneno ulikuwa unayatamka nusu.

Halafu mlima ukapasuka. Unakumbuka tulivyokimbia kuelekea Sake, Mama amebeba sufuria yenye maharage yaliyokuwa bado hayajaiva? Kwetu moto haukufika. Tulirudi tukakuta nyumba iko vilevile, hata mlango tuliousahau wazi haukuguswa. Lakini Mama Bora hakurudi. Yule mama wa kutuletea maziwa, aliyekuwa akitoka mitelemkoni na vibuyu vyake, mwenye kutubakizia kidogo chini ya kibuyu tunywe hapohapo. Uji wa moto wa mlima ulipita juu ya nyumba yake kabla hajatoka.

Ulimuuliza kila mtu: Mama Bora alikosa nini? Katekista akasema Mungu ana mpango wake. Shangazi akasema mlima ulikasirika kwa sababu watu wameacha desturi. Jirani mmoja akasema kwamba yule mama alikuwa na siri zake, na hapo uliinuka ukatoka nje, ukabamiza mlango. Papa, baba yetu, alikuwa anakata kucha zake. Aliendelea kuzikata.

Mwaka huohuo, darasa lenu la sita, la mwisho la sekondari, lilipata mwalimu kijana wa falsafa, na wewe ukarudi siku moja na neno la Kifaransa, *absurde*, yaani kisicho na maana. Ulilibeba kama mtu aliyeokota kitu barabarani na anatafuta mwenyewe. Ulinieleza tukiwa tunapanda na maji:

"Mutu anauliza. Dunia inanyamaza. Kosa haiko kwa mutu, haiko kwa dunia. Iko katikati, pale penye wanakutana."

"Sasa mutu afanye nini?"

"Mwalimu anasema kuna wenye wanakata tamaa. Kuna wenye wanajidanganya, wanasema wamesikia jibu. Na kuna wa tatu."

"Wa tatu wanafanya nini?"

Ulihamisha bidoni kutoka bega hili kwenda lile. "Hao ndiyo ninatafuta."

Ukawatafuta katika hadithi. Ulinunua kaye mpya, daftari la mistari lenye gamba la bluu, ukanipa mimi niandike kwa sababu mwandiko wako ulikuwa kama kuku aliyekanyaga wino. Tulikaa nyuma ya jiko baada ya kumaliza maji, wewe ukitembea huku na huku ukisema, mimi nikiandika mpaka kidole kinauma. Mpaka leo, Yaya, sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nimeolewa, nimezaa, nimepewa darasa langu mwenyewe. Furaha ile ya nyuma ya jiko ni nyingine.

Uliumba nchi ambako mlima ulikuwa mfalme. Kila mtoto, akishafika miaka saba, alipewa kibuyu apande na maji kuyamwaga kinywani mwa mlima, ili usikasirike. Maji yalikauka kabla hayajagusa moto. Kesho yake walipanda tena. Kulikuwa na wazee walioitwa Walinzi, waliovaa makoti marefu ya majivu, na wao peke yao ndio waliosikia lugha ya mlima. Walinzi hawakubeba maji. Walikaa mahali pa kupumzikia, wakitangaza mlima umesema nini leo: leo umefurahi, leo umechukia, leo unataka maji ya watoto wa upande ule.

Kulikuwa na ndege wenye manyoya ya mawe wasioweza kuruka ila mvua ikinyesha, na ziwa lililokuwa likisahau majina ya samaki wake. Hivyo nilivipenda sana. Na kulikuwa na msichana, uliyemwita Mwamini. Nilikuuliza kwa nini umpe jina la mtu anayeamini, na wewe umemleta aasi.

"Ataacha kuamini Walinzi," ulisema. "Dunia hataacha."

Mwamini alipanda siku moja akapita mahali pa kumwagia maji, akafika hadi kwenye ukingo kabisa, akauliza: Kwa nini? Akangoja. Hapo tuligombana, mimi na wewe. Mimi nilitaka mlima useme. Nilikuwa tayari nimeandika, "Ndipo sauti kubwa ikasikika," ukaninyang'anya kalamu.

"Futa."

"Sasa ametembea yote ile kwa bure?"

"Mulima haina masikio, Furaha. Haina kinywa. Ni moto na mawe. Ukiipa sauti, itakuwa sauti yako weye, na kesho utavaa koti ya majivu."

Nilifuta. Nililia kidogo pia, kwa sababu nilikuwa nawaza Mama Bora, na nilitamani mtu mmoja, hata katika hadithi, apewe jibu.

Sasa nimefika pale.

Siku zile sikukuambia ni kwa jinsi gani kaye ile ilitoka nyumbani. Uliponiuliza, nilisema labda niliichukua kwa makosa pamoja na za shule. Ulikuwa uongo. Niliichukua makusudi. Nilikuwa na rafiki darasani, Kasoki, binti mzuri mwenye viatu vya ngozi, na nilitaka anione kuwa mtu. Nilimwonyesha kurasa tatu. Akataka zote. Akampa mwingine, naye mwingine, na siku ya nne ikakamatwa chini ya dawati katika somo la hesabu, ikapelekwa kwa prefe, mkuu wa shule yetu.

Tuliitwa wote uwanjani. Prefe alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, na aliishika kaye yetu kwa vidole viwili kama kitu kilichooza.

"Nani aliandika hii?"

Tulikuwa wasichana mia kadhaa. Mimi nilikuwa mstari wa tatu kutoka mbele. Kila herufi ilikuwa ya mkono wangu. Nilikuwa najiambia: sasa, sasa inua mkono. Sikuuinua. Kutoka nyuma nikasikia sauti yako.

"Ni miye, sitwayeni prefe."

Ulipita katikati ya mistari. Ulipofika kwangu hukunitazama hata kidogo, na nilielewa kwamba hukunitazama ili asinitazame yeye.

"Mwandiko wako naujua," akasema. "Si huu."

"Niko na mwandiko mbili. Hii ni ya kuandika vizuri."

Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Aliuliza Walinzi ni akina nani. Ulisema ni watu wa hadithi. Aliuliza makoti ya majivu ni makoti gani. Ulisema ni makoti ya majivu. Nilikuwa karibu, niliona jinsi karatasi zilivyokuwa zikitikisika mkononi mwake, na kwa miaka mingi nilidhani ni hasira. Sasa kwa kuwa mimi mwenyewe nafundisha, na najua namna mkuu wa shule anavyoweza kuulizwa maswali na watu walio juu yake, nadhani alikuwa anaogopa.

Alikupa njia. Jumamosi, mbele ya bendera, usome mwisho mpya: mlima useme, Mwamini apige magoti, aombe msamaha kwa Walinzi. Ukifanya hivyo, yataisha. Usipofanya, nje. Ilikuwa imebaki miezi mitatu tu ufanye mtihani wa serikali.

Wiki ile nilikubembeleza kila siku kwenye njia ya maji.

"Andika tu vile anataka, Yaya. Ni hadithi tu."

"Kama ni hadithi tu, kwa nini wanataka kuibadilisha?"

"Utakosa diploma!"

"Najua."

"Na hakuna kitu kitabadilika. Ukisoma yako, Jumatatu watu wataimba vilevile."

Ulisimama, ukaweka bidoni chini. Ulinitazama kwa namna ambayo hukuwahi kunitazama, kama vile mimi ndiye niliyekuwa mkubwa.

"Hapo umesema kweli," ulisema. "Hakuna kitu itabadilika. Hata miye nimefikiri hivyo." Ukainua bidoni yako. "Twende, Mama anangojea."

Jumamosi ulivaa sketi ya bluu iliyopigwa pasi na Mama, ambaye alijua tu kwamba utasoma mbele ya watu na alijivuna. Ulisimama juu ya ngazi. Prefe alikuwa amekaa kando, amekunja miguu. Ulisoma polepole, kwa sauti ileile ya nyuma ya jiko.

Mwamini akashuka. Walinzi wakamzunguka: mlima umesema nini? Akajibu: haukusema kitu. Kule juu kuna moto na mawe, na upepo mzuri sana. Walinzi wakasema: sema umesikia, na sisi tutakupa koti. Akasema: sikusikia. Kesho yake Mwamini akaamka, akajaza kibuyu chake, akapanda kama kawaida. Alipofika nusu ya njia, pale watoto walipokuwa wakianguka kwa kiu, akawanywesha. Maji yalipoisha, akashuka kuchota mengine. Mlima uliendelea kuwaka, haukujua.

Ulikunja karatasi. Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu wa falsafa alikuwa anatazama viatu vyake. Nilisikia ndege, nilisikia kamio, lori la mizigo, ikipanda barabarani, halafu prefe akasema kwa sauti ndogo, bila kukufokea: "Chukua vitu vyako, binti."

Ulichukua. Na mimi nikaingia darasani, nikafanya imla ya Kifaransa, nikapata alama nzuri.

Papa aliletewa barua kazini, kwenye depo ya kahawa alikokuwa karani. Unamjua Papa na makaratasi: hata risiti ya sabuni aliihifadhi. Tulitegemea fimbo. Alifika, akakaa uani kwenye kiti chake kifupi, akakataa chakula. Mama alikuwa analia ndani. Baada ya muda akakuita.

"Uliandika nini, mwanangu, cha kukufukuzisha?"

"Ni hadithi, Papa. Kaye wameichukua."

"Iko kichwani?"

"Iko."

"Basi nisomee."

Ukamsimulia yote, kuanzia ndege wa mawe. Ilichukua alasiri nzima. Kuku walikuja wakaondoka. Papa hakukukatiza hata mara moja. Ulipomaliza akauliza swali moja.

"Huyu mutoto, wakati wa kupanda na kushuka, alikuwa anachoka?"

"Alikuwa anachoka sana, Papa."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi ni kweli," alisema. "Sisi huko Masisi, wakati wa Wabelgiji, tulifanyizwa barabara kwa nguvu. Tunapasua mawe, mvua inakuja, barabara inashuka yote bondeni. Tunaanza upya. Capita, msimamizi wetu, anatuambia, imbeni! Tukaimba. Lakini mchana, tukiisha kukaa chini kula viazi, tulikuwa tunaongea mambo yetu, tunacheka. Hiyo kucheka hakuna mtu alituamrisha." Alikutazama. "Miye sikujua kama hiyo kitu inaweza kuandikwa."

Hayo ndiyo maneno marefu zaidi niliyowahi kumsikia Papa akisema.

Ulikwenda mji wa Kiwanja kwa Shangazi, kuuza maharage sokoni. Watu wa mtaa walisema umeharibika. Nilipokuja kukutembelea likizo ya pili, nilikukuta umenenepa, una sauti ya soko, na nyuma ya stoo ya maharage umetundika ubao uliopakwa rangi ya makaa. Saa za mchana, wateja wakipungua, uliwafundisha wanawake wenzako kusoma. Walikuwa sita, wamekaa juu ya magunia, wanavuta silabi kama wanaovuta ng'ombe: ma-ha-ra-ge.

Sikuweza kungoja. Nilikuambia palepale, tukiwa tunapembua: kwamba ni mimi niliyeipeleka kaye, na kwamba niliipeleka kwa majivuno, na kwamba niliona aibu yangu kila siku. Hukuacha kupembua.

"Nilijua."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Kwani ingetembea yenyewe?" Ulitupa jiwe dogo nje. "Yule Kasoki, aliipenda?"

"Nini?"

"Hadithi. Aliipenda?"

Nikasema aliipenda sana, kwamba alilia mahali pa ziwa linalosahau samaki. Na wewe, Yaya, uliyepoteza diploma, uliyetengwa na mtaa, ulitabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi. "Kumbe!" ulisema. "Pale pa samaki!" Ukacheka mpaka wanawake wakageuka. Nilikuja nimejiandaa kusamehewa. Hukunisamehe, kwa sababu ulikuwa hujawahi kunihesabia kosa.

Tukapewa miaka tisa zaidi. Ulipata mume mpole, mkazaa Neema. Ulikuwa unashuka Goma kila mwezi na magunia, unalala kwetu, unanisahihisha namna ninavyofundisha.

Halafu ile kamio. Mvua, breki, kona moja chini ya msitu. Watu kumi na wawili juu ya magunia ya kabichi. Kumi na mmoja walisimama wakajipangusa matope. Wewe hukusimama.

Kilioni sababu zilikuja kama zilivyomjia Mama Bora. Mungu alitaka ua zuri. Kuna muuzaji mwenzako aliyekuonea wivu. Ungengoja gari la pili. Kila mtu alinishika mkono akaniwekea sababu yake kiganjani, na nakiri kwako kwamba nilizitaka zote. Mtu aliyefiwa ana njaa ya sababu. Siku ya tatu nilimwuliza Papa, ambaye sasa haoni vizuri: "Papa, kwa nini yeye?" Alinitafuta kwa mkono mpaka akaupata uso wangu. "Sijui, mama," akasema. "Sijui hata kidogo." Na hapo ndipo nilipoweza kulia.

Nilipokwenda Kiwanja kuchukua nguo zako, niliwakuta wanawake wako wamekaa juu ya magunia, mchana, mbele ya ubao. Hakuna aliyekuwa anafundisha. Walikaa tu, kwa sababu ilikuwa saa ya somo. Mkubwa wao, Mama Sifa, alinipa chaki. Niliandika mstari mmoja. Wakausoma.

Sasa naenda kila Jumamosi ya pili. Mume wangu hapendi, Mama hataki kusikia, kwa sababu njia ni ileile na kamio ni zilezile. Sitakudanganya: naogopa. Na sijapata maana yoyote katika kifo chako, Yaya, na nimeacha kuitafuta, lakini hasira ninayo bado, napanda nayo garini.

Jumamosi iliyopita nilikuwa juu ya magunia pamoja na wanawake wa Bunagana, wanapiga kelele, wanamtania kijana mmoja juu ya harusi yake. Tulipokaribia kona wakanyamaza. Mmoja wao, ambaye nilikuwa simjui, aliniuliza polepole:

"Ni hapa dada yako alibaki?"

"Ni hapa."

Dereva akapunguza mwendo. Niliangalia: majani, tope, jiwe moja kubwa, maji yanashuka. Hapakuwa na kitu kingine. Yule mama akaniwekea karanga mkononi. Tukapita kona, na mbele kidogo mtu akamwuliza tena yule kijana kama mahari ameshamaliza, na wote tukaanza kucheka, mimi pamoja nao, kwa sauti, na sikuona aibu.

Nakuacha hapa. Neema hajambo, ana meno yako.

Mdogo wako, aliyekuandikia,

Furaha